Trekta la Ibra na Hesabu za Maji

Wasomaji wetu wengi, khasa walioko Uingereza na Marekani, wanamjua jirani wa namna hii: kila Jumamosi amelala chini ya gari kuukuu aliloliegesha uani, halitengenezi apate kuliuza wala kulisafiria, na mkewe ameshachoka kusema. Tulikuwa tukiwacheka watu hao. Sasa tumo katika safu yao. Kwa miaka mitatu, kila tulipopata likizo ya kukutana, sisi binamu watatu, wawili wakaazi wa Maskati na mmoja wa Coventry, tumekuwa tukizimalizia Ijumaa zetu katika shamba la mitende huko Ibra, mkoa wa Sharqiyah, tukilifufua trekta la marehemu ami yetu. Tumeulizwa mara nyingi tunatafuta nini. Tulianza tukitafuta ngurumo ya injini tu, tuliyoikumbuka tangu utotoni. Tulichokikuta kimetukalisha kitako, na ndicho kilichotufanya tuombe nafasi katika kurasa hizi.

Trekta lilikuwa limesimama chini ya mti wa ghaf, mwisho wa shamba, tangu katikati ya miaka ya 1990. Wekundu wake ulikuwa umepauka, kiti kimeliwa na jua, mpira mmoja wa nyuma umepasuka, na kuku wa jirani walikuwa wakitagia mahali pa betri. Ami alifariki 2011. Hakuna aliyeligusa, na hakuna aliyekubali liuzwe kama chuma chakavu, ingawa wanunuzi wa vyuma walipita mara mbili. Bi Mkubwa, mjane wake, aliwajibu jibu lile lile mara zote mbili: "Mwenyewe hajasema."

Ni Massey Ferguson 135, na namba iliyogongwa kwenye bati lake ilituonyesha kwamba limetoka kiwandani Coventry 1971. Mwenzetu wa Coventry alicheka mpaka akakaa chini. Banner Lane, barabara kilipokuwa kiwanda hicho, huipita kwenda kazini. Kiwanda kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mahali pake pamejengwa nyumba za watu. Yeye alitoka Unguja akaenda Coventry kutafuta maisha, na kumbe trekta la ami yake lilikuwa limeshaitoka Coventry kuja kutafuta ya kwake Ibra.

Tuseme kidogo juu ya ukoo wa mashine hii, maana nayo ina nasaba. Harry Ferguson alikuwa mtu wa kaskazini ya Ireland, aliyezaliwa 1884. Kabla yake jembe la trekta lilikuwa likiburutwa nyuma kama mkokoteni, na likinasa kwenye jiwe, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson akaliunganisha jembe na trekta kwa mikono mitatu ya chuma inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta, hivyo kwamba ardhi inapokuwa ngumu uzito unakandamiza magurudumu badala ya kulipindua trekta. Ndiyo maana trekta jepesi likaweza kazi ya trekta zito, na ndiyo maana likafaa mashamba madogo. Kati ya 1946 na 1956 kiwanda cha Banner Lane kilitoa matrekta yake ya rangi ya kijivu zaidi ya 500,000. Januari 1958 Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini ya dunia akiendesha mojawapo. La ami yetu ni mjukuu wa hayo: silinda tatu, injini ya dizeli ya Perkins ya lita 2.5, nguvu za farasi arubaini na kitu. Ulaya watu huliita trekta dogo. Ibra, baina ya mitende iliyopandwa karibu karibu, lilikuwa kubwa la kutosha kuwavunja watu miguu.

Wazee wetu walioishi Afrika Mashariki walikuwa na sababu za kutoyaamini matrekta. Walikuwa wameusikia, na wengine wameuona kwa macho, Mradi wa Karanga wa Tanganyika, ule wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ambao Waingereza waliuanza 1947 na kuuvunja 1951. Walileta matrekta ya kila aina, mpaka vifaru vya vita vya aina ya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, wakakuta ardhi ya Kongwa ikikauka inakuwa kama saruji na mibuyu haing'oki. Zikateketea pauni milioni 36 hivi na karanga za maana hazikuonekana. Ami alikuwa kijana wakati huo. Kila mtu alipolisifu trekta lake alikuwa akisema, "Hili si la karanga," na sisi watoto hatukujua anacheka nini.

Sasa tulirudishe jambo hili Ibra. Shamba la Ibra liliishi karne nyingi bila trekta, na liliishi kwa hesabu. Maji yalikuja kwa falaj, ule mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kutoka kwenye kisima mama, maili kadhaa huko juu, ukiteremka kwa mwinamo mdogo mno mpaka uchomoze kwenye mashamba. Kila shamba lina zamu yake ya maji, na zamu inapimwa kwa athari, ambayo ni nusu saa. Mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, usiku kwa nyota. Falaj lina wakili wake, na zamu za maji hurithiwa, huuzwa, na huwekwa wakfu kwa misikiti na skuli za Kur'ani kama zinavyowekwa nyumba. Omani imehesabu zaidi ya falaj 4,000, na kiasi cha 3,000 zingali hai. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika orodha ya urithi wa dunia. Tatu kati ya hizo ziko mkoa wa Dakhiliyah: Daris ya Nizwa, Malki ya Izki na Khatmayn ya Birkat al-Mawz.

Penye visima palikuwa na zajra. Ng'ombe dume akishuka mteremko anavuta kamba, kiriba cha ngozi kinapanda kimejaa, na gurudumu la mti linalopitisha kamba linalia. Waliokulia huko wanasema sauti hiyo ilikuwa ikisikika alfajiri kutoka shamba hadi shamba, na mtu aliweza kumtambua jirani kwa mlio wa gurudumu lake. Tunaomba msomaji aweke akilini jambo moja juu ya ng'ombe huyo: alikuwa akichoka.

Ami hakuzaliwa katika dunia hiyo. Babu yake ndiye aliyetoka Ibra, akashuka Sur, akapanda jahazi na upepo wa kaskazi kwenda Unguja kama walivyokwenda wengi wa Sharqiyah. Ami alizaliwa Unguja miaka ya 1930, akasoma chuoni na skuli, kisha akapata bahati ya kwenda Mombasa kusomea mitambo ya vyombo vya baharini katika MIOME, chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Chuo hicho kilijengwa kwa michango ya Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya wengineo, kikaanza kusomesha 1951. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kuna watu wengi wa rika la baba zetu walioondoka hapo na spana mkononi, na hatujaona bado aliyeandika taarikh yao inavyostahiki. Huandikwa masheha, mashairi na siasa, mafundi husahauliwa.

Yaliyotokea Januari 1964 wasomaji wanayajua, na hatutayarudia hapa. Ami aliishi Dar es Salaam, kisha Mombasa, akitengeneza injini za meli ndogo. Kisha Julai 1970 Sultani Qaboos akashika nchi Omani na akawaita waliotawanyika warudi. Nchi yenyewe ilikuwa na skuli tatu na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Wenzake waliojua Kiingereza walipata kazi Maskati, kwenye mafuta, benki, simu na jeshi. Yeye alifika 1972, akakaa Maskati miezi michache, kisha akapanda lori kwenda Ibra kuwatafuta jamaa.

Tumeambiwa kwamba siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini. Akitaka chumvi alikuwa akiongea kama khatibu. Watoto walimfuata nyuma wakimwita Zinjibari. Bi Mkubwa, aliyefika mwaka mmoja baada yake na kanga zake, anasema wanawake wa mtaani walikuwa wema lakini walimtazama kama mgeni wa miezi miwili. Kilichowatoa katika ugeni ni pampu. Mashine za dizeli zilikuwa zimeanza kuingia mashambani, na zilikuwa zikiharibika, na fundi wa karibu alikuwa Maskati. Ami alikuwa akiweka bisibisi kwenye injini, ncha moja kwenye chuma na mpini sikioni, kama daktari, halafu anasema, "Valvu ya pili." Injini haikuuliza Kiarabu chake kikoje. Baada ya miaka miwili walikuwa wakimjia kutoka Mudhayrib na Bidiyah, na jina la Zinjibari likageuka likawa anwani: "Mpelekee Zinjibari."

Trekta alilinunua mkono wa pili 1976. Alilima mashamba ya watu kwa ujira, lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Ubavuni alilifunga puli, na kwenye puli mkanda mpana wa turubai, na mkanda ukazungusha pampu kisimani. Ng'ombe wa zajra wakachinjwa au wakauzwa. Shamba lililokuwa likingojea zamu yake ya falaj kila baada ya siku kadhaa likawa linapata maji asubuhi na jioni. Ami akapanda ndimu, akapanda majani ya mifugo, akawa mtu mbele za watu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyajua tulipofungua boneti.

Injini ilikuwa imekamata. Pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, wala fimbo ya chuma haikuitikisa. Tulitoa nozeli tatu tukamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi, tukaiacha miezi miwili. Tuliporudi tukatoa stata, tukaingiza mtaimbo kwenye meno ya gurudumu la nyuma ya injini, tukasukuma kwa zamu. Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, ikasogea kiasi cha ukucha. Mtu mzima hapaswi kufurahi vile kwa ajili ya ukucha mmoja.

Hedi na pampu ya dizeli tulizipeleka Nizwa, kwenye sanaiya, yaani mtaa wa magereji. Tulipata fundi wa Kipakistani aliyeitazama injini yetu kama mtu aliyekutana na mtu wa kijijini kwao. Kumbe ni kweli. Matrekta ya ukoo huu yenye injini ya namna hii hii yameundwa Lahore miaka mingi, na alikua akiyatengeneza na baba yake. Alitutengea silinda moja iliyoliwa na kutu, akatia nyingine, akabadilisha ringi na gasketi, akatuagizia nozeli kutoka kwao. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapoteza fedha kwa muuzaji mmoja aliyetuletea pistoni za injini nyingine kabisa. Huyo tunamwacha bila jina. Wakati hedi ikikwaruzwa tulikwenda kukaa ukingoni mwa falaj Daris, ambalo linapita hapo Nizwa na maji mengi ya kumfika mtoto magotini, watu wametia miguu, watoto wanarushiana. Tunalitaja kwa sababu tulikaa pale tukijisifu kwa kazi yetu ya injini, na hatukuliona bado jambo lililokuwa mbele yetu.

Jambo lenyewe lilikuwa kwenye sanduku la spana. Liko ubavuni mwa trekta, la bati, na kifuniko chake kilikuwa kimeshikana. Tulipokipandisha kwa tindo, ndani ya kifuniko palikuwa pamejaa maandishi. Safu kwa safu, kwa rangi nyeupe na ncha nyembamba, herufi za Kiarabu, zimeanzia juu karibu na bawaba mpaka chini ukingoni, mpaka nafasi ikaisha akaendelea ubavuni mwa sanduku.

Tukadhani ni dua. Mkubwa wa wale wawili wa Maskati, aliyesoma skuli Omani tangu darasa la kwanza, alianza kusoma kwa sauti akasita. Herufi anazijua, maneno hayajui. Si Kiarabu. Akawa anatamka tu: "mafuta... yamibadilishwa... shujiu jidida..." na mwenzetu wa Coventry, aliyekuwa akisafisha beringi kwa petroli, akainua kichwa. Yeye Kur'ani anaisoma, lakini mwandiko wa mkono usio na irabu unamshinda. Kiswahili ndicho chake. Kina wawili wa Maskati wana Kiswahili cha jikoni, cha "njoo ule" na "usicheze na moto". Basi ikawa hivi mchana kutwa: mmoja anasoma asichokielewa, mwingine anaelewa asichoweza kukisoma, wa tatu anaandika kwenye karatasi kwa herufi za kizungu.

Wanaojua Kiswahili cha herufi za Kiarabu wanajua mitego yake. Wazee wengi hawakujishughulisha kutofautisha p na b, wala ch na sh, na irabu o na u ni mamoja. "Shujiu" ikawa chujio. "Bambu" ikawa pampu. Tulikwama zaidi ya saa nzima kwenye "bima". Kila mstari ulikuwa nayo: "maji bima mbili u nusu", "maji bima tatu". Tukaulizana kama ami aliyakatia maji bima, na wakati huo kampuni gani Ibra ingekubali. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. "Pima," alisema bila kutazama juu. "Pima ya baharini. Akitia kamba kisimani."

Pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama futi sita. Fundi wa vyombo vya baharini alikuwa akipima kisima kama nahodha anavyopima kina akiingia bandarini. Na kila alipobadilisha mafuta ya injini aliandika tarehe, kilichotengenezwa, na kamba ilikwenda pima ngapi hata kufika majini. Mwaka 1977: mbili u nusu. Mwaka 1983: tatu u nusu. Mwaka 1986: "Pampu imeteremshwa."

Neno hilo moja linahitaji maelezo. Pampu ya namna ile inavuta maji kwa kunyonya, na haiwezi kunyonya kutoka chini zaidi ya mita 7 au 8. Hilo si kosa la pampu, ndiyo nguvu ya hewa ilivyo. Maji yakishuka zaidi, lazima pampu iyafuate. Kwa hiyo watu walichimba daraja ndani ya kisima, wakaiteremsha pampu, wakarefusha mkanda. Shamba kwa shamba waliteremka hivyo, na aliyekuwa akiwateremshia pampu, mtaa mzima, alikuwa ami yetu. Mwaka 1990: tano.

Ng'ombe alikuwa akichoka, na uchovu wake ulikuwa ndio mlinzi wa kisima. Falaj nalo lina mlinzi wake: linatoa maji yanayoweza kuteremka yenyewe, hayo tu, na mwaka wa ukame linapungua kwa wote kwa hesabu. Pampu haina mlinzi. Inavuta mpaka chini ya usawa wa falaj, na maji yakishuka chini ya mfereji, falaj linakauka hata kama huko chini maji bado yapo. Pwani ya Batinah, ambako mashine zilikuwa nyingi zaidi, maji matamu yalipotolewa bahari iliingia mahali pake, na mitende ikafa kwa chumvi. Serikali iliona. Amri ya Kisultani namba 82 ya 1988 ilitangaza maji kuwa mali ya taifa, na visima vipya vikadhibitiwa, khasa karibu na visima mama vya falaj. Ukame nao ulichangia, na mtu asitufahamu vibaya tukaonekana tunamtwika mzee mmoja na trekta lake dhambi ya nchi nzima. Lakini mwandiko ulikuwa wake.

Mistari ya mwisho, ubavuni mwa sanduku, ni ya 1992 na 1993. Tuliisoma mara tatu tukidhani tumekosea. "Leo halikuwashwa." Siku tatu baadaye, "Leo halikuwashwa." Halafu tena. Mtu gani anaweka kumbukumbu ya siku ambazo hakufanya kazi?

Tulimuuliza Bi Mkubwa. Hakutaka kusema siku ile. Alisema siku ya pili, tukiwa tunakunywa kahawa. Wakili wa falaj, mzee sana wakati huo, alikuja nyumbani asubuhi moja. Akakaribishwa, akala tende, akanywa vikombe vitatu. Akauliza khabari za watoto, za jamaa wa Unguja, za mguu wa ami uliokuwa ukimuuma. Juu ya pampu hakusema neno. Akaondoka kwa miguu, akapita makusudi kandokando ya mfereji wa falaj uliokuwa mkavu, na ami akabaki mlangoni anamtazama mpaka akapotea. "Alikuwa amewafuata wote wenye pampu hivyo hivyo," Bi Mkubwa alisema. "Baadhi yao hawakuelewa. Yeye alielewa." Tukauliza kama maji ya falaj yalirudi. Akasema mwaka wa mvua yalirudi, mwaka usio wa mvua hayakurudi, na wengine waliendelea kuvuta. Baadaye zikaja pampu za umeme, za kuzama, ambazo hazihitaji fundi wa kusikiliza kwa bisibisi.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza. Mdogo wetu wa Maskati alikuwa na picha kichwani tangu mwanzo: trekta jekundu linang'ara, linaonyeshwa sikukuu ya taifa, na bango la jina la ami. Rangi ilikuwa imeshafika kutoka Uingereza, pamoja na kifuniko kipya cha sanduku, cha kiwandani, kimefungwa kwenye karatasi. Alisema kifuniko kile kilichoandikwa kiingie kabatini, maana watu watakaokuja kuona watauliza kimeandikwa nini, na tutawajibu nini? Kwamba huyu aliyewapa maji wazee wenu ndiye aliyeandika jinsi yalivyokwisha? Huyu ni mtu aliyeingia mji huu akiitwa Zinjibari. Mkubwa akasema tukikificha tutakuwa tumelisafisha trekta na kumsafisha na ami, na yeye mwenyewe hakujisafisha. Mwenzetu wa Coventry hakusema kitu. Aliendelea kusugua rimu kwa msasa, na kwa tabia yake hiyo ni kusema.

Tulikwenda Sur tukiwa bado hatusemezani vizuri. Sababu ilikuwa ndogo: bomba la mafuta lilikuwa na kifungio cha shaba ambacho si cha trekta, ni cha injini ya mashua, na kilikuwa kimelegea. Dukani Sur, karibu na bandari, mzee mmoja alikigeuza mkononi akatuambia kwa Kiswahili safi cha Unguja, ambacho hatukukitarajia, kwamba hana kingine na hatuhitaji kingine, tukivishe washa tu. Akatuuzia washa mbili akakataa fedha ya ya pili.

Kutoka hapo tulikwenda kuitazama Fath al-Khayr. Wasiofika Sur waelewe: ni jahazi la aina ya ganja, lililoundwa Sur kiasi cha 1951, mwishoni mwa zama za vyombo vilivyokuwa vikibeba tende, chumvi na papa kwenda Zanzibar na kurudi na boriti. Liliuzwa, likaishia Yemen. Mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana wakalinunua, likarudishwa nyumbani, likakarabatiwa, na leo limesimama nchi kavu karibu na bandari. Ni zuri mno. Ubao umepakwa mafuta, kamba zimekunjwa sawa sawa. Mdogo wetu akasema, "Mnaona? Wao walilisafisha." Na ni kweli, na hatudhani walikosea, chombo kilichoharibika mbao kisipobadilishwa mbao hakisimami. Lakini mkubwa akatuuliza, katika usafi wote ule, tuonyeshane mahali panaposema jahazi kama lile lilibeba nini tena miaka ya nyuma, miaka ya babu wa babu zetu, mbali na tende na boriti. Tukatazamana. Hatukuona. Njiani kurudi, katika vilima vile kabla ya Kamil, hakuna aliyewasha redio.

Ikaamuliwa na Bi Mkubwa, wala si kwa kuhutubia. Alikuja na kitambaa cha maji akakifuta kifuniko taratibu, mstari kwa mstari, kama anavyofuta uso wa mtoto, akasema, "Pakeni rangi kwingine." Tulipaka boneti, tukapaka rimu. Sanduku na kifuniko chake tuliviacha na kutu yao, tukavipitishia mafuta ya kitani tu isizidi. Kifuniko cha Uingereza kingali katika karatasi yake.

Liliwaka mwezi wa Januari mwaka jana. Tulitoa hewa kwenye njia ya mafuta, kwanza kwenye chujio, kisha kwenye pampu, kisha kwenye nozeli moja moja, mikono imejaa dizeli. Mara ya nne likakohoa, likatoa moshi mweupe, likashika silinda mbili, halafu ya tatu. Watoto wa jirani waliruka ukuta. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni na buibui lake, akasikiliza kidogo, akasema valvu zinagonga. Zilikuwa zinagonga kweli.

Siku ile tuliona ni haki tuandike mstari. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo ubavuni mwa sanduku. Mkubwa akashika brashi, mwenzetu wa Coventry akamsomea maneno, wakabishana kama "nozeli" iandikwe kwa waw au bila waw. Tarehe, mafuta mapya, chujio jipya, nozeli tatu. Kisha tukakumbuka maji. Mdogo wetu, yeye yule, ndiye aliyekwenda kutafuta kamba, akafunga jiwe, akaiteremsha kisimani akihesabu pima kwa mikono yake. Kamba ilikuwa pima kumi. Ikaisha yote, jiwe likining'inia kavu. Tukaandika hivyo: kamba pima kumi, haikufika.

Trekta liko pale pale chini ya ghaf, sasa na paa la makuti. Huwashwa Ijumaa kwa robo saa likizungushwa shambani, puli bila mkanda. Wasomaji watakaopita Ibra, khasa Jumatano asubuhi kwenye soko la wanawake, wamuulize yeyote nyumba ya Zinjibari. Na mwenye mzee anayesoma vizuri mwandiko wa zamani atusaidie: kuna mstari mmoja wa 1989, baina ya "mkanda umekatika" na "pima nne u nusu", ambao hatujaufumbua mpaka leo.